Nyimbo za Msimu Zisinyamaze Kikundi Kikisimama

SOMO LA VIKUNDI

Lengo la somo hili: Kila kikundi kijue nyimbo zake za kazi na za msimu, na kila mwanakikundi aweze kuziendeleza nyumbani kwake wakati mikutano imesimamishwa.

Muda: Saa moja na nusu. Mwenye kusoma asome kwa sauti, sehemu moja moja, halafu wengine wajadili. Maswali yako mwishoni.



Wakati huu tunapotayarisha mashamba tukingojea mvua ya nthwa, tumeona ni vizuri tujifunze jambo ambalo vikundi vingi haviliandiki katika kitabu cha mikutano. Tunaandika pesa, tunaandika majembe, mbuzi na viti vya kukodisha. Lakini nyimbo hatuziandiki. Tunafikiri zitakuwapo tu, kama vile mawe ya kilimani. Je, ni kweli?

1. TUTAZAME: MWAKA 2020 ULITUFUNDISHA NINI?

Tukumbuke yaliyotokea. Tarehe 13 Machi 2020 serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona hapa Kenya. Kuanzia tarehe 16 shule zikafungwa. Kabla ya mwezi huo kwisha, ibada za pamoja zilisimama, mazishi yakawa ya watu wachache wa familia, na kuanzia tarehe 27 Machi tukawa na kafyu. Mwethya nao ukasimama. Ile siku ya wiki ambayo akina mama walikuwa wanakutana na majembe kwa shamba la mwenzao, kila mmoja akabaki kwake.

Angalieni sana ni mwezi gani. Machi ndio mwanzo wa mvua ya uua. Kazi ilikuwapo, mvua ilikuwapo, magugu hayakujua kuna Korona. Ni watu tu ambao hawakuwa pamoja. Na mahali ambapo watu hawako pamoja, wimbo wa mwethya haupatikani, kwa sababu ule wimbo unataka ngui wa kuanzisha na watu wa kumwitikia.

Julai 2020 makanisa na misikiti vilifunguliwa kidogo: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wale walio chini ya miaka 13 na wale waliopita miaka 58 wabaki nyumbani. Hapo kuna somo letu la leo. Ni nani huku kwetu anayezijua nyimbo za zamani? Ni wale waliopita miaka 58. Na ni nani anayepaswa kuzijifunza? Ni wale walio chini ya miaka 13. Hao wote wawili waliachwa nje ya mkusanyiko. Kumbe waliachwa pamoja, nyumbani, jikoni kwa susu!

Watoto walikaa nyumbani muda mrefu sana. Madarasa matatu tu yalirudi tarehe 12 Oktoba 2020, wengine wote wakarudi tarehe 4 Januari 2021. Maana yake, wengi walikuwa nyumbani tangu mvua ya uua hadi mvua ya nthwa, kupanda na kupalilia mara mbili. Katika nyumba ambazo susu alifungua mdomo, mtoto alitoka na nyimbo kadhaa. Katika nyumba ambazo susu alikaa kimya kwa sababu "siku hizi hakuna mwethya", miezi tisa ilipita bure. Masharti ya mwisho ya mikusanyiko yaliondolewa Machi 2022. Hiyo ni miaka miwili. Katika miaka miwili mzee anaweza kutuacha, na mtoto wa miaka kumi anakuwa kijana ambaye hataki tena kukaa jikoni.

Wengine watasema, Korona imekwisha, ya nini kurudia habari hizo? Mikutano inaweza kusimama tena kwa sababu nyingine. Aprili na Mei 2024 mafuriko yalizuia hata shule kufunguliwa kwa tarehe yake. Kipindupindu kikiingia kwa lokesheni, mikusanyiko na vyakula vyake husimamishwa. Na kuna vikundi vinavyosimama kwa sababu ya kiangazi tu, watu wakienda mbali kutafuta maji na vibarua. Basi tujitayarishe kungali na amani.

2. KWA NINI WIMBO UNA MAANA KATIKA KAZI YETU?

Pengine kijana wa kikundi anauliza, "Si tunaweza kuchimba tu bila kuimba?" Inawezekana. Lakini tuangalie wimbo unafanya kazi gani.

Kwanza, wimbo ni kipimo cha mwendo. Ngui akiita na wengine wakiitikia, majembe yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Mwenye nguvu nyingi hakimbii akawaacha wenzake, na mwenye nguvu kidogo anabebwa na sauti ya wengine. Ni vivyo hivyo kwenye kinu. Akina mama wawili wakitwanga muthokoi katika kinu kimoja, wasipokuwa na mpigo mmoja michi itagongana.

Pili, wimbo ni kalenda. Nyimbo za kupanda, za kupalilia, za kufukuza ndege kwenye mtama na wimbi, za kuvuna na za kutwanga, kila moja ina wakati wake. Jina lenyewe la mvua ya nthwa linatukumbusha kumbikumbi wanaotoka wakati huo. Mtoto akizoea kusikia kazi na wimbo wake pamoja, anajua mwezi gani ni wa nini, na mbegu gani inafuata nyingine, kabla hajajua kusoma.

Tatu, wimbo ni mahali pa kusema ukweli. Sisi Wakamba tuna myali, nyimbo za kuonya na kukosoa. Mtu mvivu, mlevi, mwenye kula pesa za wenzake, alisikia habari zake ndani ya wimbo na akajirekebisha bila kupelekwa kwa chifu. Kikundi kisicho na njia ya kuonyana kwa upole huishia kugombana kwa daftari la pesa.

Nne, wimbo unafukuza upweke. Mwaka 2020 upweke uliwaumiza watu wengi, hasa wajane na wazee. Mnakumbuka habari za Italia, Machi ya mwaka huo: watu waliofungiwa ndani ya nyumba za ghorofa walitoka kwa madirisha na roshani, wakaimba, jirani akamjibu jirani. Wale hawakuwa na shamba wala mwethya. Lakini hitaji la moyo lilikuwa lile lile.

Matuta tunayoyaona milimani si kazi ya tingatinga. Mengi yalichimbwa kwa mikono, na mwethya ulifanya sehemu kubwa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kinachoeleza jinsi watu wa Machakos walivyoongezeka mara nyingi tangu miaka ya 1930 na bado mmomonyoko wa udongo ukapungua, kinyume cha vile wataalamu walivyoogopa. Matuta ya fanya juu ni moja ya sababu. Anayeyarithi matuta bila kurithi ule umoja wa kuyachimba, mvua kubwa ikiyabomoa atayatengeneza na nani?

3. KUIMBA NYUMBANI SI KUVUNJA SHERIA

Ni lazima tuelewe kwa nini kuimba pamoja kulizuiliwa, tusifikirie ni ubaya wa serikali. Mtu anapoimba anatoa pumzi kwa nguvu kuliko anapoongea, na kama ni mgonjwa, vidudu vya ugonjwa vinatoka na ile pumzi. Tarehe 10 Machi 2020 huko kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifanya mazoezi kwa saa mbili na nusu, na mmoja wao alikuwa na dalili za ugonjwa. Waliougua pamoja na yeye walifika 53, na 2 wakafariki. Hiyo ilikuwa kwaya tu, mazoezi ya jioni moja.

Kwa hiyo kama mikutano imesimamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa kuambukizwa kwa hewa, tufuate mambo haya:

(a) Waimbe watu wa nyumba moja, wale ambao tayari wanakula na kulala pamoja. Tusiite majirani jikoni ati ni wimbo mmoja tu.

(b) Tuimbe nje, shambani au uani, si katika chumba kilichofungwa.

(c) Kama kuna mtu anakohoa au ana homa, asiimbe karibu na susu. Mzee alindwe kwanza. Wimbo unaweza kungoja wiki mbili.

(d) Kukiwa na matanga nyumbani au kwa jirani, tuheshimu. Kuna wimbo wa faraja na kuna wimbo wa furaha, na kila mmoja una siku yake.

Huku kwetu Mungu ametupa milima. Shamba langu liko upande huu, la mwenzangu liko ng'ambo ya bonde. Nikianzisha wimbo asubuhi hewa ikiwa tulivu, ananisikia, naye anaweza kuitikia bila kuvuka mto. Hakuna sheria inayovunjwa hapo.

4. JE, MKRISTO ANAWEZA KUIMBA NYIMBO HIZI?

Swali hili huulizwa na akina mama wengi, tusilikwepe. Zamani wamisionari wengi walikataza ngoma zetu zote kwa pamoja, nzuri na mbaya. Ndiyo sababu kuna wazee wanaojua nyimbo na wanaona haya kuzisema. Kwa upande wetu Wakatoliki, Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Wimbo wa kulima, wa kutwanga au wa kubembeleza mtoto hauna ubishi wowote.

Kilumi ni jambo lingine kidogo. Hiyo ni ngoma ya akina mama na ngoma zao kubwa, iliyochezwa kuomba mvua na kutibu wagonjwa, na inagusa imani ya mizimu. Kama katika kikundi kuna wa dhehebu hili na lile, msilazimishane. Mzee aulizwe aeleze historia yake kwa heshima, iandikwe, na kila mtu afuate dhamiri yake. Kujua historia si dhambi.

5. TUTENDE: HATUA SITA ZA NYUMBANI

Hatua ya kwanza: Andika. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari moja la kurasa 48. Kwa kila wimbo andika mambo manne: maneno ya mwanzo, kazi yake, msimu wake, na nani nyumbani anaujua vizuri. Andika kwa Kikamba, vile unavyoimbwa. Ndugu yetu John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alikusanya hadithi za Wakamba akazitoa kwa kitabu mwaka 1966. Hadithi zilizokuwa midomoni mwa wazee tunaweza kuzisoma leo, ingawa wazee wale wamekwenda. Alianza na kusikiliza na kuandika, basi.

Hatua ya pili: Funga wimbo na kazi. Usimwite mtoto akae kwa kiti ati "leo tunajifunza nyimbo". Atachoka. Mwambie aje mpukuchue mahindi au mchambue ndengu, halafu anza kuimba. Mikono ikiwa na kazi, masikio hufunguka.

Hatua ya tatu: Badilishaneni uongozi. Siku za kwanza susu awe ngui, na mtoto aitikie. Akishazoea, mtoto aanzishe na susu aitikie. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea: watoto wanajua kuitikia tu. Kikundi chenye waitikiaji ishirini na ngui mmoja ni kama nyumba yenye nguzo moja. Siku ngui akiondoka, wote watabaki wanatazamana. Lengo ni kila nyumba itoe angalau ngui mmoja mdogo.

Hatua ya nne: Fuata msimu. Tumieni kalenda hii, mwongeze za kwenu:

Septemba na Oktoba: kutayarisha shamba, kuchagua mbegu, kupanda. Nyimbo za jembe na za kungojea mvua.

Novemba na Desemba: kupalilia, kumbikumbi, mboga za kunde. Nyimbo za palizi na michezo ya watoto.

Januari na Februari: kuvuna maharagwe, ndengu, kunde na mahindi. Nyimbo za mavuno na za kupura.

Machi hadi Mei: mvua ya uua, kupanda na kupalilia tena. Ngui mdogo aliyejifunza nthwa aongoze sasa.

Juni hadi Agosti: kuchimba matuta na mabwawa ya mchanga, kuvuna mbaazi, kutwanga muthokoi. Nyimbo za mwethya na za kinu.

Hatua ya tano: Tumia simu, lakini kwa adabu. Siku hizi karibu kila boma lina simu ya kurekodi. Mwombe mzee ruhusa kwanza. Kabla ya wimbo, sema jina lake, kijiji, tarehe na kazi ya wimbo. Rekodi dakika mbili au tatu zinatosha. Tuma kwa katibu wa kikundi aiweke pia kwa memori kadi, maana simu huibiwa na simu huanguka majini. Usiuze wala kusambaza wimbo wa mzee bila yeye na kikundi kujua. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa na sanaa za asili za jamii.

Lakini rekodi isichukue nafasi ya mdomo. Wimbo ulio kwa simu tu ni kama mbegu iliyo kwa chupa: haijafa, lakini pia haijaota. Tuwaulize wenzetu Waluhya. Ngoma yao ya Isukuti, ya Waisukha na Waidakho, inajulikana Kenya nzima, na bado mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kujulikana ni kitu kimoja, kurithiwa na vijana ni kitu kingine.

Hatua ya sita: Rudisha kwa kikundi. Siku mikutano ikifunguliwa, msianze na madeni peke yake. Toeni nusu saa ya kwanza kwa nyimbo. Kila nyumba ilete mmoja uliotunzwa, na kama inawezekana uanzishwe na mtoto au kijana. Katibu aandike katika kitabu cha mikutano, kama anavyoandika akiba.

6. TUJIHADHARI

Myali isigeuke kuwa matusi. Nyumbani ni pembamba. Wimbo wa kumchoma mke wa mwana au jirani unaweza kuvunja boma. Tuonye tabia, tusitaje mtu.

Nyimbo nyingine za jando na za watu wazima hazifai watoto. Mzee anajua zipi, aachiwe achague.

Msimlazimishe mzee anayekataa. Pengine wimbo unamkumbusha mtu aliyefariki. Kaeni naye tu, mfanye kazi pamoja. Siku yake ikifika atauanzisha mwenyewe.

Pia tusiwadharau watoto wakichanganya na mitindo yao ya redio. Akiweka mpigo mpya juu ya maneno ya zamani, amejifunza maneno. Hiyo ni faida.

7. MFANO WA KUJADILI

Fikirieni kikundi cha akina mama 20. Kabla ya mikutano kusimamishwa kilikuwa na ngui mmoja, mama wa miaka 70. Kilisimama kwa msimu miwili. Kikundi kiliporudi, yule mama alikuwa ameshakufa. Siku ya kwanza ya kuchimba matuta walijaribu kuimba, wakajua kiitikio tu. Kazi ikawa ya kimya, wenye nguvu wakatangulia, wengine wakabaki nyuma na kununa. Baada ya wiki nne waliokuja walikuwa 11. Mwenyekiti akasema wengine ni wavivu.

Je, ni kweli walikuwa wavivu?

MASWALI YA MJADALA

1. Katika kikundi chetu ni nani anayejua kuanzisha nyimbo? Ana umri gani? Ni nani anayejifunza kutoka kwake?

2. Mwaka 2020 na 2021, nyumbani kwako kuliimbwa nini? Watoto walijifunza nini kutoka kwa susu au umau wao?

3. Tutaje nyimbo tano za msimu huu unaokuja. Ni ngapi ambazo watu wote waliopo wanaweza kuzianzisha?

4. Mikutano ikisimamishwa kesho, tutajulishana vipi ni wimbo gani wa kuimba wiki hiyo, kila mtu kwake?

5. Katika ule mfano wa akina mama 20, ni wakati gani kikundi kingeweza kujiokoa?

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi arudi nyumbani na swali moja tu kwa mtu mzee aliye karibu naye: "Wewe ulipokuwa mtoto, mvua ya nthwa ikija, mlikuwa mnaimba nini?" Asikilize, aandike, na aimbe pamoja na mtoto mmoja mara tatu katika wiki, wakati wa kazi. Akija mkutanoni aje na daftari.

Tunasema kidole kimoja hakivunji chawa, na ni kweli, ndiyo maana tuko kwa vikundi. Lakini vidole vikitenganishwa kwa muda, kila kimoja kitunze nguvu yake, ili siku vikikutana tena kazi iendelee. Nawatakia mvua njema na mavuno mema.